Tusimwache Mgonjwa Avuke Bahari Peke Yake

Boti ya asubuhi itokayo Malindi kwenda Dar es Salaam huchukua watu wa kila namna: wafanya biashara, wanafunzi, watumishi wa Serikali wenye mafaili kwapani, na jamaa waendao arusini. Mara nyingi miongoni mwao huwamo pia mtu aliyevaa nguo zake za heshima, ameshika bahasha kubwa ya kaki, wala hasemi sana na jirani yake. Ndani ya bahasha ile mna picha za eksrei na barua ya daktari wa Mnazi Mmoja. Mtu huyo anakwenda Ocean Road.

Jina la Ocean Road halihitaji kuelezwa kwa watu wa Unguja. Nyumba ile ya kando ya bahari ilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 iwe hospitali yao, na tangu mwaka 1996 ni Taasisi ya Saratani kwa sheria ya Bunge. Kwa miaka na miaka mgonjwa wa Zanzibar aliyeandikiwa tiba ya mionzi amekuwa akivuka maji kuifuata huko. Na tiba yenyewe si jambo la siku moja. Kwa kawaida mionzi hutolewa siku 5 katika kila juma, kwa muda wa majuma 5 au 6. Kila siku mgonjwa hulala chini ya mashine dakika chache tu, na saa nyingine zote ni za kungoja. Madaktari hawapendi kabisa ikatizwe njiani, kwa sababu mapumziko yasiyopangwa huupa ugonjwa nafasi ya kuchipua tena.

Twayataja haya kwa makusudi. Wako ndugu zetu wanaodhani kwamba kuzungumza juu ya wema kwa mgonjwa ni kuzungumza juu ya mambo madogo, mambo ya kutoa pole na kupeleka machungwa, yasiyostahili ukurasa unaosomwa na wanachama na wafanya kazi wenye shughuli kubwa za ujenzi wa nchi. Sisi twaonelea kinyume. Mtu anayeiacha tiba katika juma la tatu kwa sababu hana wa kumtazamia watoto wake huku Amani, au kwa sababu amechoka kula peke yake katika mji asioujua, hawezi kusemwa kuwa ameshindwa na saratani. Ameshindwa na upweke, na upweke ni kitu ambacho tawi la Chama laweza kukiondoa bila ya kungoja bajeti ya mwaka ujao.

Neno saratani kwa Kiarabu maana yake ni kaa, yule yule kaa wa pwani tumjuaye sote, na Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la mnyama huyo. Sisi watu wa pwani twafahamu jinsi kaa anavyong'ang'ania. Lakini badala ya kulitaja jina lake, wengi wetu hunong'ona. Husema "ule ugonjwa", au "maradhi yale makubwa", na wanapopita mbele ya nyumba ya mgonjwa huharakisha hatua kama kwamba mlangoni pamewekwa hirizi. Wengine wamediriki kumtengea mgonjwa kikombe na sahani yake. Twapenda kuwaambia watu hao, bila ya kuzunguka, kwamba saratani haiambukizi kwa kula pamoja, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kulala chumba kimoja. Na yule aliyepigwa mionzi kwa mashine harudi nyumbani na mionzi mwilini mwake. Mashine ikizimwa, imezimwa. Basi kumwita mgonjwa aje ale katika sinia moja na wenzake ni jambo lisilogharimu hata senti, na kwa mtu aliyekaa miezi akila peke yake pembeni lina thamani kuliko gunia la mchele.

Na tuseme pia habari za akina mama, maana wao ndio wanaoonewa zaidi. Saratani ya shingo ya kizazi husababishwa na virusi vilivyoenea mno duniani, hata wengi wa watu waliooa na kuolewa huvipata wakati mmoja au mwingine wa maisha yao pasipo kujua. Ndiyo sababu Tanzania ilianza mwaka 2018 kuwachanja wasichana wa miaka 14. Hata hivyo wako watu, na miongoni mwao wako wanaojiita wasomi, wanaomtazama mwanamke mwenye ugonjwa huu kana kwamba amepatikana na hatia. Na wako waume ambao, mke akishakatwa titi au akishaanza kutoka damu, hukusanya nguo zao wakahamia kwa mke mwingine. Hatuna neno la adabu la kumwitia mtu kama huyo. Wazee wa mtaa wana wajibu wa kumwita na kumwuliza, na asiambiwe mtu kwamba hayo ni mambo ya ndani ya nyumba.

Taifa hili lina sababu ya pekee ya kutolionea haya jina la saratani. Mwalimu Julius Nyerere, Baba wa Taifa, aliugua saratani ya damu, na akafariki dunia mjini London tarehe 14 Oktoba 1999. Wenye umri wa kukumbuka siku zile watakumbuka jinsi wananchi walivyotega masikio redioni wakingoja habari zake, na jinsi alivyoombewa misikitini na makanisani na watu ambao hawakuwahi kumwona kwa macho. Hakuna aliyeuliza kama ugonjwa ule ni aibu. Ikiwa tuliweza kumpa Mwalimu heshima hiyo akiwa mbali, ng'ambo ya bahari, kwa nini mchukuzi wa bandarini au mpishi wa skuli akose heshima kama hiyo hapa hapa mtaani kwake?

Sasa yatupasa kuingia katika mambo yenyewe, kwa kuwa wema usiofahamu unachokifanya waweza kuudhi. Wazee wetu walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo ni nzuri kwa mwenye homa. Kwa mwenye saratani twaomba radhi kwa wazee, lakini mgonjwa huyu aulizwe. Dawa kali za saratani, zile zinazopitishwa mshipani, huwaletea wengi kichefuchefu, hubadilisha ladha ya chakula kinywani, na wengine hutokwa na vidonda mdomoni na kooni. Jirani akimpelekea mgonjwa wa namna hiyo bakuli la urojo uliojaa ndimu na pilipili, hata kama ni urojo bora kuliko wote wa Forodhani, amempelekea moto. Uji mwepesi uliopoa, mtindi, ndizi mbivu iliyopondwa, supu isiyo na viungo vingi: hivi huweza kupita. Na chakula kiwe kidogo, kije mara nyingi, kwani sahani iliyofurika humvunja moyo mtu asiye na hamu. Hali kadhalika udi. Kwetu Unguja twajivunia kufukiza udi na kujipaka manukato tunapokwenda kumtazama mtu, na ni desturi nzuri. Lakini wako wagonjwa ambao harufu yoyote kali, iwe ya udi, ya mafuta ya kukaangia au ya marashi, huwapindua tumbo. Muulize kwanza.

Tena dawa hizo hupunguza nguvu ya mwili ya kujikinga. Mtu mwenye mafua au kikohozi asiende kumtazama mgonjwa siku hiyo. Apige simu, au amtume mtoto na salamu mpaka mlangoni. Hilo nalo ni kumtazama.

Nywele ni jambo lingine ambalo wenye afya huliona dogo. Dawa nyingine huzipukutisha zote katika majuma machache, pamoja na nyusi, na mtu akajitazama katika kioo asijijue. Nchi hii ina mafundi wa kofia wasio na mfano, akina mama wanaokaa barazani wakitoboa na kushona viua kwa mkono kwa majuma mengi mpaka kofia moja ikamalizika. Sijui zawadi iliyo ya heshima zaidi kwa mwanamume aliyepoteza nywele zake kuliko kofia aliyoshonewa na jirani, ambayo ataivaa msikitini siku ya Ijumaa bila ya mtu kumkodolea macho. Na kwa mwanamke uko mtandio. Shoga yake akija na mitandio miwili laini ya pamba, akaketi naye wakafungana vilemba na kuchekeshana, atakuwa amefanya kazi ambayo muuguzi mwenye wagonjwa wengi hana nafasi ya kuifanya.

Kumtembelea mgonjwa si desturi ngeni kwetu. Katika mafundisho ya dini ya Kiislamu ni moja ya haki za Mwislamu kwa Mwislamu mwenziwe, pamoja na kurudisha salamu na kusindikiza jeneza, na Wakristo nao wameagizwa vivyo hivyo. Tatizo letu si kwenda bali ni namna ya kwenda. Watu 15 huingia chumba kimoja, wakakaa saa nzima, wakamhesabia mgonjwa majina ya wote waliokufa kwa ugonjwa kama wake: fulani wa Kilimahewa, fulani wa Mpendae, na fulani aliyepelekwa India akarudi katika sanduku. Kisha hunyanyuka wakasema "Mwenyezi Mungu akupe shifaa". Baada ya maneno yale hiyo shifaa itapita mlango gani?

Wako na wale wanaokuja na majani ya mstafeli, na chupa za dawa zisizo na jina, wakimshurutisha mgonjwa aache hospitali kwa sababu yuko mtu wa shamba aliyepona kwa majani. Kunywa kikombe cha majani kwa radhi ya daktari ni jambo moja; kumtorosha mtu kutoka katika tiba yake ni jambo jingine, nalo halina sehemu katika wema hata likifanywa kwa machozi na kwa kusomewa dua. Wengi wa wagonjwa wetu hufika hospitali wakiwa wamekwisha chelewa, na moja ya sababu ni washauri wa namna hii.

Mgonjwa hutaka kusikia nini basi? Mara nyingi hutaka kusikia yale yale aliyokuwa akiyasikia kabla ya kuugua. Uwanja wa Amani, uliofunguliwa mwaka 1970 kwa msaada wa Wachina, na ukafunguliwa tena baada ya matengenezo makubwa mwezi Desemba 2023, uko pale pale. Kila mwezi wa Januari Kombe la Mapinduzi huchezwa. Na kijana wa mtaani aweza kumpigia simu mzee aliyelazwa Dar es Salaam akamweleza goli lilivyofungwa, nani alilala langoni, na mwamuzi alivyotukanwa. Mzee yule kwa dakika 10 atakuwa si mgonjwa. Atakuwa mshabiki aliyekasirika. Twawaomba vijana wasidharau simu za namna hiyo.

Yatupasa kugusa maumivu, ijapokuwa kwa ufupi. Cicely Saunders, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua mjini London mwaka 1967 nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, na alifundisha kwamba maumivu yao si ya mwili tu: yako na ya nafsi, ya jamaa, ya fedha, na ya roho inayomwuliza Mungu wake. Mafundisho hayo yalifika kwetu Afrika ya Mashariki; Nairobi ilipata nyumba kama hiyo mwaka 1990, na Kampala mwaka 1993, ambako mofini ya kunywa, dawa ya bei nafuu, imewalaza usingizi watu waliokuwa wakilia usiku kucha. Jamaa wa mgonjwa wasiiogope dawa hiyo ikiandikwa na daktari. Kumwambia mtu anayeumwa "stahamili" ilhali dawa iko kabatini ni ukatili.

Kwa wafanya kazi tuna neno lao. Uchovu unaofuata mionzi na dawa huendelea kwa majuma, na pengine kwa miezi, baada ya mtu kuonekana amepona. Mwenzenu akirudi kazini akaonekana mzito, akakaa chini mara kwa mara, msimwite mvivu, wala msimamizi asiharakishe kutafuta wa kushika nafasi yake. Badilishaneni zamu. Mzigo mzito uchukuliwe na mwingine. Na wakati yupo hospitali, jina lake libaki katika orodha ukutani mahali lilipokuwa, maana mtu akisikia kwamba jina lake limekwisha futwa huelewa kwamba wenzake wamekwisha mzika. Vyama vya wafanya kazi vina kazi kubwa ya kutetea mishahara, na twaviunga mkono. Lakini kumtetea mgonjwa asipoteze kazi yake ni katika kazi hiyo hiyo.

Hapa hatuna budi kujikosoa kama Chama, maana Chama kisichojikosoa hukosolewa na wengine. Tumeuzoea mtindo mmoja usiopendeza. Huja siku maalumu, viongozi wakavaa sare, wakaingia wadini na boksi za sabuni na sukari, na nyuma yao wapiga picha. Mgonjwa aliyelala, aliyekonda, asiye na nguvu ya kujifunika, hujikuta uso wake uko katika simu za watu wote wa mji kabla ya magharibi. Aliombwa ruhusa na nani? Sabuni ile ni njema, wala hatumkatazi mtu kutoa. Lakini picha ile ni malipo ambayo mgonjwa ametozwa bila ya kuulizwa, na kiongozi anayeheshimu watu aiache kamera mlangoni.

Yuko atakayesema kwamba gazeti hili linataka kuibebesha jamii mzigo ulio wa Serikali. La. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wa nchi hii waliahidiwa matibabu bila ya ubaguzi, na madaktari wa Kichina walianza kuja kututibu tangu mwaka ule ule. Ahadi hiyo ingali juu ya mabega ya Serikali, na tutaendelea kuikumbusha habari za mashine, za dawa, na za wataalamu, mpaka mtu wa Unguja na Pemba apate nyumbani kwake kila tiba anayoihitaji. Lakini hata siku hiyo ikifika, mashine haitamfulia mtu nguo. Na hata pale ambapo matibabu yenyewe hayalipiwi, nauli ya boti, chakula cha majuma sita na pahala pa kulala havitoki mbinguni.

Watu wa Amani hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Jirani nao ziko nyumba za wazee za Sebleni, zilizowekwa baada ya Mapinduzi ili wazee wasio na jamaa wapate paa na chakula. Wazo lililozizaa nyumba zile lilikuwa jepesi: mtu asiye na wake, sisi sote ni wake. Wanawake wa mitaa hii nao wanaujua upatu tangu kwa bibi zao. Wanajua kuchanga kidogo kidogo, kwa zamu, bila ya mtu kudhulumiwa, na bila ya makaratasi mengi. Upatu wa nauli ya mgonjwa na wa msaidizi wake waweza kuanza juma hili hili.

Twapendekeza basi kwa matawi ya Amani, na kwa mengine yatakayopenda kufuata, jambo lililo rahisi. Balozi wa shina anawajua wagonjwa wake kuliko ofisi yoyote. Akisikia kwamba mtu ameandikiwa safari, na yeye mwenyewe akiridhia habari zake zijulikane, katibu wa tawi afungue daftari aandike: nani atalala na watoto, nani atapika siku ipi, nani atafua, nani atachunga kibanda chake cha biashara kisifungwe. Barua ya daktari ina siku na saa ya kuripoti. Na daftari la tawi liwe na majina mawili ya kuambatana nayo, la mtu atakayembebea mgonjwa begi lake mpaka gatini Malindi, na la mwanachama mwenzetu wa Ilala au Kariakoo atakayekuwa amesimama upande wa pili boti ikifunga.